Mtoto wa Jicho

Katika kituo kizima cha televisheni hakuna aliyemwita kwa jina lake. Hata ubao wa zamu ulimwandika Jicho, na siku moja mgeni alipofika mapokezi kumwulizia kwa jina la kwenye kitambulisho, aliambiwa hakuna mtu kama huyo hapa, ajaribu jengo la pili. Jicho alikuwa mpiga picha za habari, miaka ishirini na minne kamera begani, na bega lile la kulia lilikuwa limeshuka kuliko mwenzake mpaka mashati ya dukani yakakataa kumkaa. Bahati yake mkewe ni fundi cherehani, ana kibanda ng'ambo ya barabara, mkabala na geti la kituo. Alimshonea mashati yenye mabega yasiyofanana, kana kwamba anashonea watu wawili waliogawana mwili.

Kazi ya mpiga picha za habari watu hawaijui, na jambo hili linaniudhi sana. Wanamjua msomaji habari na tabasamu lake. Wanamjua mwandishi, yule anayesimama mbele ya nyumba iliyoungua akisema "kama mnavyoona nyuma yangu." Sasa nani kawaonyesha hicho kilicho nyuma yake? Hawaulizi. Aliyesimama kwenye tope, kilo kumi begani, akipumua kwa pua tu ili picha isitikisike, huyo hana sura wala hana asante. Kikitokea hata kivuli chake kwenye picha, ameharibu. Jicho mwenyewe alikuwa akisema kazi yake na ya mwizi ni ndugu wa tumbo moja: ukionekana tu, umekwisha.

Tena mpiga picha hutembea kinyumenyume. Mheshimiwa anakuja kwa madaha, yeye yuko mbele yake, mgongo ameupa mashimo na ngazi na chochote kitakachokuwepo. Katika miaka yake Jicho alitumbukia mtaroni mara mbili na kwenye keki ya uzinduzi mara moja, na mara zote tatu picha ilitoka imetulia tuli. Hiyo ya keki alipenda kuisimulia, na kila mwaka keki iliongezeka ghorofa.

Lakini kinachomtia mpiga picha jasho si mtaro. Ni utepe. Mgeni rasmi anaongea saa nzima, anashukuru mpaka waliokufa, halafu anakata utepe kwa nukta moja. Ukipiga chafya, umeukosa. Jicho hakuwahi kukosa utepe. Aliwahi kuupiga akiwa na homa, aliwahi kuupiga nyuki anamtembea shingoni. Wapiga picha wa vituo vingine walikuwa na msemo wao: ukichelewa, muombe Jicho, hatakosa kuwa nao.

Sasa hilo jicho lenyewe. Kamera ile ya begani ina kitundu cha kuchungulia, na kitundu hicho ni cha jicho moja. Jicho alitumia la kulia. La kushoto alilifumba tangu ujana wake. Alikuwa akitania kwamba la kulia ni la kazini na la kushoto ni la kuvukia barabara. Mwaka na ushee nyuma, ukungu ukaanza kuingia kwenye kitundu. Akafuta kioo. Akabadilisha mpira wa kitunduni. Taa zikawa na pete, sura za watu zikawa kama zimepakwa mafuta, naye akaipeleka kamera kwa fundi mara ya kwanza, akaipeleka mara ya pili. Ile mara ya pili fundi alimtazama kwa huruma kidogo akasema, "Mzee, kamera hii ni nzima. Tafuta kingine kibovu."

Hapo Jicho akaelewa, akafunga mdomo. Ungefanya nini? Palikuwa na tetesi kwamba Mhariri Mkuu ana orodha, kwamba wapiga picha sita watabaki wanne, na waandishi watapewa simu wajipige wenyewe. Mpiga picha mwenye jicho bovu akajitokeze mwenyewe aseme yuko hapa? Hakumwambia mtu. Hata mkewe hakumwambia, maana mkewe angemwambia aende hospitali, na hospitali wangempa karatasi, na karatasi ina miguu, ingefika mezani kwa Mhariri Mkuu kabla yake.

Akaanza kuishi kwa ujanja. Umbali aliupima kwa hatua, na vidole vyake vilijua kuzungusha kioo bila kuuliza jicho: hatua nne, kidogo, hatua kumi, nusu mzunguko. Hilo liliwezekana. Kilichomshinda ni ile taa nyekundu. Ndani ya kitundu kuna kitaa kidogo, kikiwaka kamera inarekodi, kikizima imesimama. Kitaa hicho hakukiona tena. Basi akawa anahesabu. Kitufe ni kimoja, kipo chini ya dole gumba: ukibonyeza inaanza, ukibonyeza tena inasimama. Kwa hiyo moja imeanza, mbili imesimama, tatu imeanza, nne imesimama. Miezi kadhaa hesabu ilimtii. Wahenga walishasema, mficha maradhi kifo humuumbua, ila huyu wetu hakuumbuliwa na kifo, aliumbuliwa na dole gumba.

Siku yenyewe ilikuwa ya uzinduzi wa wodi mpya ya wazazi. Walikwenda na mwandishi anayeitwa Tai, kwa sababu hakuonekana bila tai shingoni hata akienda kuripoti mafuriko. Tai alikuwa na mdomo mwepesi na mguu mwepesi zaidi. Gari liliposimama tu aliruka chini, akavuta mkoba wake, mkanda wa mkoba ukanasa kwenye kamera ya Jicho, na katika kunasuana dole gumba likabonyeza kitufe. Jicho hakuhisi lolote. Kamera ikaanza kurekodi miguu ya watu, na yeye anadhani haijaanza.

Kuanzia hapo kila kitu kikawa kinyume, na ukimuuliza mpiga picha yeyote atakuambia jinamizi lake ni hilo. Mgeni rasmi akafika: Jicho akabonyeza, moja, imeanza. Kumbe imesimama. Akampiga picha akishuka garini, akatembea kinyumenyume mbele yake kwa ufundi wote, kamera imelala fofofo. Akabonyeza, mbili, imesimama, akaiteremsha, ikaning'inia mkononi. Kumbe ndiyo imeamka, inarekodi viatu. Hotuba ikaenda hivyo. Utepe ukakatwa hivyo. Aliupata katikati kabisa, mkasi unafunguka, mkasi unafumba, vipande viwili vinaanguka kwa madoido, picha ambayo ingewekwa kwenye vitabu, na hakuna hata punje yake iliyoingia kwenye kadi ya kamera.

Msafara ulipokwenda kunywa chai, Jicho alibaki wodini akipumzisha bega, kamera inaning'inia ubavuni. Muuguzi mmoja wa makamo alikuwa amesimama hapo amempakata mtoto mchanga, mama yake amekwenda kuoga. Alimtazama Jicho usoni, akasogea.

"Kaka, hilo jicho la kulia umelionyesha wapi?"

"Jicho gani, sista?"

"Usinizungushe. Nimekaa kliniki ya macho miaka tisa kabla sijaletwa huku. Hebu geukia dirishani." Jicho akageuka. Muuguzi akachungulia, akaguna. "Huyu ni mtoto wa jicho. Hapa hakuna ubishi."

Mtoto aliyepakatwa akaangua kilio papo hapo.

"Umekaa naye muda gani?"

"Mwaka na kitu, sista."

"Nyumbani wanajua?"

"Hata mama watoto hajui. Kazini ndiyo kabisa. Wakijua nimekwisha."

"Kaka, mtoto huyu hafichiki. Anakua kila siku. Njoo naye Jumanne, jengo la nyuma, tulimalize jambo hili. Ni saa moja tu, hata haifiki."

"Nitakuja. Lakini nifichie, sista."

"Mimi nitakufichia," alisema muuguzi, akimbembeleza mtoto. "Yeye ndiye atakuumbua."

Waliporudi kituoni Jicho alimpa Tai ile kadi akimbie nayo chumba cha uhariri, yeye akaenda kuweka betri kwenye chaji na kufuta vumbi la kamera. Alijisikia vizuri. Utepe alikuwa nao, na Jumanne haikuwa mbali. Labda angeomba ruhusa ya siku moja, aseme anakwenda msibani. Akashuka getini kupata chai.

"Mzee, hongera," alisema mlinzi.

"Ya nini?"

"Basi tu. Mwanamume ni mwanamume." Akampigia saluti.

Mama wa chai naye alimtilia sukari vijiko vitano bila kuulizwa. "Kunywa, baba. Utahitaji nguvu. Kuamshwa na kilio umri huu si mchezo."

Jicho akanywa chai yake tamu kama dawa ya kikohozi, akajiuliza watu hawa wamekula nini leo.

Yaliyotokea ghorofani alikuja kusimuliwa baadaye. Tai alichomeka kadi akitafuta utepe. Akakuta viatu. Akapeleka mbele, viatu. Viatu vyeusi, viatu vya mheshimiwa, vya walinzi, kisha viatu vyeupe vya mwanamke, na sauti safi kabisa, maana maiki ya kamera ile ilikuwa nzuri: Huyu ni mtoto wa Jicho. Hapa hakuna ubishi. Na mtoto mwenyewe analia.

Najua utasema, mtu mzima mwenye masikio mawili anasikiaje "mtoto wa jicho" asijue ni ugonjwa? Ndugu yangu, neno husikika kutegemea limeangukia wapi. Katika jengo lile, kwa miaka ishirini na minne, jicho lilikuwa mtu. Lilikuwa na kikombe chake, lilikuwa na zamu ubaoni. Halafu kuna wodi ya wazazi, kuna kilio, kuna "hata mama watoto hajui." Tai hakuhitaji zaidi. Aliyasikiliza mara mbili ili kupata uhakika, kama walivyomfundisha chuoni, kisha akayatangaza.

Na umbea hauna breki. Msomaji habari alikuwa anavuka barabara kuchukua koti lake kwa fundi, lile alilopunguziwa kiuno. Fundi huyo ndiye mke wa Jicho. Msomaji habari kazi yake ni kusoma alichoandikiwa, lakini mbele ya kioo, fundi akimkagua pindo, alishindwa kujizuia akasema ambayo hakuandikiwa. Wanasema fundi alimaliza kukagua pindo, akamkunjia koti vizuri, akamwambia likitoa shida alirudishe. Kisha akafunga kibanda.

Jicho alipoingia chumba cha uhariri alikuta watu watatu. Mkasi, mwanamama anayehariri picha, alikuwa kwenye kiti chake na vipokea sauti masikioni, hakugeuka. Tai amejiegemeza ukutani. Katikati amesimama Mhariri Mkuu, mama mrefu asiyependa maneno mengi, mikono ameikunja. Kwenye skrini kulikuwa na viatu.

"Utepe uko wapi?" aliuliza Mhariri Mkuu.

"Si upo humo, bosi. Baada ya hotuba."

"Hotuba haimo. Utepe haumo. Vimo viatu, dakika arobaini na moja. Mkasi ameomba picha za utepe kituo cha jirani, kama vile sisi hatukuwepo."

Jicho alitazama skrini kwa jicho la kushoto. Hakuhitaji kuelezwa. Viatu pale ambapo pangekuwa na watu maana yake ni moja tu duniani, na miaka yote amewacheka wengine kwa hilo. Alianza kutafuta neno la kusema na asilipate.

Tai ndiye aliyelipata. Tai, kwa huruma yake yote, alimshika bega. "Bosi, tumwelewe mzee. Mtu ana mtoto mchanga, tena wa siri, na siku ya kazi anakutana na mama wa mtoto wodini. Akili inakaaje? Hata mimi ningerekodi viatu."

Jicho akageuka. "Mtoto gani?"

Mkasi akabonyeza kitufe, sauti ya muuguzi ikajaa chumba. Jicho akajisikia mwenyewe akisema hata mama watoto hajui. Akasikia kilio. Mlinzi, chai, vijiko vitano vya sukari, vyote vikamrudia kwa mpigo, na kama si Mhariri Mkuu kuwa pale, angecheka mpaka akae chini.

"Mambo ya nyumbani kwako si yangu," alisema Mhariri Mkuu. "Kosa ni kosa, lakini kama ni mawazo, mtu anaweza kusamehewa mara moja. Ni mawazo?"

Ndipo Jicho alipoona mlango. Kumbe huyu mtoto aliyezaliwa leo na Tai ndiye mkombozi. Anachotakiwa kufanya ni kuinamisha kichwa. Baba aliyechanganyikiwa husamehewa, anapewa onyo, anarudi na kamera yake kesho, na Jumanne anakwenda kimyakimya jengo la nyuma. Kuhusu mke, angemwambia ukweli nyumbani, wangecheka wote. Akainamisha kichwa. Nasema kweli, alikiinamisha.

Mlango halisi ukafunguliwa nyuma yake, akaingia mkewe. Alikuwa na futi ya kitambaa shingoni na pini mbili zimechomekwa kifuani, kama alivyotoka kazini. Aliwasalimia wote mmoja mmoja, na utulivu wake ulimfanya hata Tai asimame wima.

"Samahani kwa kuingilia kazi," alisema. "Nina swali moja, nikijibiwa naondoka. Baba watoto, ni wa kiume au wa kike?"

Jicho alimtazama kwa jicho la kulia, akaona ukungu wa rangi ya bluu wenye sauti ya mkewe. Akalifumba. Kwa la kushoto, lile la kuvukia barabara, alimwona: midomo ameibana, na mkono mmoja umeshika futi kana kwamba ndiyo inayomshikilia asianguke. Akiinamisha kichwa tena, kamera ni yake. Mhariri Mkuu anasubiri. Kila mtu anasubiri.

"Si wa kiume wala wa kike," alisema. "Mama watoto, ni mtoto wa jicho."

"Najua ni wa Jicho! Nimeshaambiwa ni wako, nakuuliza ni mtoto gani."

"Wa jicho hili." Akaweka kidole kwenye shavu, chini ya jicho la kulia. "Ugonjwa, mke wangu. Mwaka na ushee sasa halioni vizuri. Sikioni kitaa cha kamera, nahesabu vitufe, leo nimehesabu vibaya. Yule ni muuguzi, na aliyelia ni mtoto wa watu. Bosi, si mawazo. Ni jicho."

Tai akaanza kulegeza tai, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona. Mkasi akavua vipokea sauti polepole, akavilaza mezani.

"Afadhali umesema," alisema Mkasi. "Miezi minane natupa picha zako zenye ukungu, Kaka Jicho. Nikikuta tatu kali kati ya kumi, naziunga hizo tatu na kumi za maktaba. Nilidhani nikisema nitakuvunjia heshima."

"Kumbe ulikuwa unanificha mimi?" alisema Mhariri Mkuu.

"Nilikuwa namficha yeye."

Mhariri Mkuu alivuta kiti akakaa. "Orodha ipo, msijifanye hamjaisikia. Na jina lako lilikuwa la kwanza. Nilikuwa nazitazama picha hewani, naona mtu aliyekuwa akinipa sura za watu mpaka na jasho lao, sasa ananipa watu wamesimama mbali kama miti. Nikasema mzee amechoka, anatega, anasubiri kiinua mgongo. Ungekuja kuniambia ni jicho, nani angekufukuza kwa jicho linalotibika kwa saa moja?"

"Hakuna aliyeniambia litatibika, bosi. Mpaka leo asubuhi."

"Ulimuuliza nani?"

Jibu lilikuwa moja: hakuna.

"Jumanne nenda," alisema Mhariri Mkuu, akisimama. "Ukipona njoo tuone picha zako, ndipo tuzungumze habari ya orodha. Siahidi zaidi ya hapo. Na wewe, Tai, zunguka jengo hili ghorofa kwa ghorofa ukamwondoe yule mtoto kwa mdomo wako, anza na getini."

Watu walicheka hapo, hata Jicho alicheka, kwa kweli alicheka kwa nguvu, kicheko cha mtu aliyetua mzigo. Alipogeuka kumtafuta mkewe acheke naye, hakumkuta. Alikuwa ameshashuka ngazi.

Alimkuta kibandani, amekaa kwenye cherehani, hashoni. Jicho akavuta stuli. Alikuwa bado na kicheko kidogo mdomoni.

"Umesikia wenyewe wanavyosema? Eti mwanamume ni mwanamume. Mama wa chai kanitilia vijiko vitano..."

"Usinichekeshe," alisema mkewe.

Kicheko kikamtoka.

"Mtoto wa nje ningejua pa kuanzia," alisema. "Ningelia, ningekufukuza, ningewaita wakubwa wa kwenu wakae vikao mpaka wachoke. Halafu siku moja ningemshonea nguo, maana mtoto hana kosa. Yote hayo niliyapanga nikivuka barabara. Hili la jicho nilianzie wapi? Mwaka mzima kiza kinakuingia, nimelala ubavuni kwako, na hukunishika hata mkono."

"Niliogopa."

"Uliniogopa mimi?"

"Niliogopa ukijua, itakuwa kweli," alisema Jicho. "Nikiwa najua peke yangu, asubuhi nilikuwa naamka nasema labda leo hakipo. Wewe ukijua, ningeona usoni kwako kwamba kipo. Usinikasirikie sana. Mimi bila ile kamera sijui huwa nasimama wapi."

Mkewe alivuta droo ya cherehani, akatoa sindano ya mkono na kibonge cha uzi mweupe, akavishika mapajani akavitazama.

"Unakumbuka ulikuwa unanitungia uzi?" aliuliza. "Miaka yote. Ukirudi kazini unakaa hapo ulipokaa, unanitungia sindano kumi, unazichomeka kwenye kitambaa, kesho nazikuta tayari. Macho yangu ya karibu yaliisha zamani, wewe unajua. Halafu ukaacha. Mara umechoka, mara una simu ya kupiga, mara utanitungia kesho. Sikukuuliza. Nikanunua kile kidude cha kutungia. Nikasema moyoni, basi, amenichoka, hata uzi hataki kunitungia." Aliuzungusha uzi kidoleni. "Ndiyo maana leo alipokuja yule msomaji wenu na habari ya mtoto, sikushangaa. Nilikuwa namsubiri huyo mtoto mwaka mzima."

Jicho alimtazama mkewe, mtu anayemwona kila siku, na akaona kwamba kwa mwaka mzima hakuona chochote. Haya ndiyo yaliyomliza. Si kamera, si orodha. Alifuta jicho la kulia na la kushoto, yote mawili kwa mkono mmoja, na machozi yalikuwa sawasawa, jicho bovu halikulia kidogo kuliko jingine.

"Nipe sindano," alisema.

"Acha, utajichoma."

"Nipe, mama."

Alimpa. Jicho akalifumba la kulia, akainua sindano kuelekea barabarani penye mwanga, akalamba ncha ya uzi, akakosa. Akakosa tena. Jicho lile la kushoto halikuwa na mazoea ya kazi, lilikuwa likitafuta tundu kama mtu anayetafuta swichi kwenye nyumba ya kupanga. Mara ya tatu alikosa, mkewe akaushika mkono wake wenye sindano usitikisike. Mara ya tano uzi ukapita.

Mkewe akauvuta, akapiga fundo, akaichomeka sindano kwenye kitambaa.

"Bado tisa," alisema, akampa nyingine. "Na Jumanne tunakwenda wote."